Mume Wangu Anaachishwa Pombe na Mwanamke Mwingine

Sehemu iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama chini ya dirisha la zahanati, ushungi nimeuvuta mpaka puani, namsikiliza mume wangu akicheka.

Kwa ambaye hakuwa nasi, naitwa Asmahani. Nashona madera hapa Nguvumali. Mume wangu Rahimu ni fundi majokofu, mtu wa swala, mtu wa watu, na ni mlevi. Hilo la mwisho tulikuwa tunalijua mimi na yeye tu, au ndivyo nilivyodhani. Akinuka nilimtafunisha karafuu. Akishindwa kuamka niliwapigia wateja nikasema ana homa. Mama yake akija kutusalimu, nilimwambia mwanawe presha imepanda, kalala.

Nimembembeleza Rahimu aache tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nimelia, nimenuna, nimerudi kwetu Mwera na nguo zangu. Hakuacha.

Kisha mwaka huu akaanza kupunguza, mwenyewe, bila mimi kusema neno. Akawa anakula chakula cha usiku. Akawa ananiuliza habari za kutwa. Na kila Alhamisi mchana anaoga, anapiga pasi shati, anapanda baiskeli, anasema ana kazi Mwambani.

Mwanamke mwingine angeshukuru. Mimi niliuliza, anaacha kwa ajili ya nani?

"Mwanamme anayepiga pasi Alhamisi mchana ana pa kwenda," aliniambia Hafsa, jirani yangu, huku akijaribu dera. Hafsa hakunipa ushahidi wowote. Sikuhitaji.

Ushahidi niliupata mwenyewe, alipokuwa uani na simu sikioni. "Nilikunywa jana, sista," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Nimeona bora nikwambie."

Mimi katika miaka yote hiyo sijaombwa samahani hata na chupa aliyoivunja.

Ndiyo maana Alhamisi ile nilimfuata. Na ndiyo maana nilikuwa chini ya lile dirisha.

Ndani, mwanamke alisema kitu, Rahimu akacheka tena. Kicheko kile nilikijua. Alikuwa akinichekea hivyo wakati wa uchumba.

Nikaingia.

"Dada, kuna foleni," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia kwenye benchi. Nikampita. Nikausukuma mlango kwa kishindo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa msichana. Nilikuwa nimemchora kichwani kwa wiki nyingi, rangi yake, mwanya wake, kiuno chake. Niliyemkuta nyuma ya meza ni nesi wa umri wa mama yangu mdogo, nywele zimeingia mvi, miguu imevimba, viatu kavivua kavisukuma kando.

Mdomo wangu uliokuja na matusi ukatoa kitu kingine. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Una mgonjwa?"

"Huyu hapa," nikamwonyesha Rahimu.

Rahimu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekauka. "Asma. Umefuata nini huku?"

Kwa kitambo kidogo moyo wangu ulitua. Nilitaka hata kucheka. Nilikuwa nimemwonea wivu bibi wa watu mwenye miguu ya kuvimba.

Halafu nikaona kiti cha tatu.

Kilikuwa nyuma ya mlango nilioufungua. Amekaa mwanamke mwembamba wa buibui jeusi, mikono ameiweka mapajani, ananitazama bila kupepesa. Sikuwa nimewahi kukutana naye. Lakini uso ule niliujua kwa picha niliyoikuta chini ya sanduku la Rahimu mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, nikamwambia aichome, akaniambia ameichoma.

Mwatum. Mke wake wa kwanza. Ambaye Rahimu aliniambia kampa talaka, karudi kwao Pemba na hatakanyaga tena Tanga.

"Huyu anafanya nini hapa?" nikauliza.

Nikamgeukia nesi. "Sista, nakuuliza kwa heshima. Mume wangu amekuja kutibiwa nini, na huyu mwanamke ni dawa gani?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Mimi naitwa Ruthi."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama," akasema, bila kukasirika. "Mumeo alikuja hapa kwa presha. Hapa kila mtu mzima tunamuuliza kuhusu pombe, awe amekuja na kikohozi au na kidonda cha mguu. Unakunywa? Mara ngapi? Ukianza unaweza kuishia njiani? Asubuhi unahitaji ya kukuamsha? Mumeo alijibu kweli. Tangu siku ile tunasaidiana naye kupunguza, kidogo kidogo."

"Na huyu?"

"Nilimwambia kazi hii haifanyiki peke yake. Nikamwambia aje na mtu anayemwamini."

Neno hilo lilinipata. Anayemwamini.

Nilimtazama Rahimu anikanushie. Aliangalia sakafu.

"Unamtaka tena?" nikamuuliza Mwatum.

"Muulize yeye," akasema. Sauti yake ilikuwa ya Kipemba, ya taratibu, na utaratibu huo ndio ulionichoma zaidi. "Miye nimeitwa, nimekuja."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Nilisema yote. Nilisema nani anayemfuta matapishi. Nani anayemvua viatu akiwa amelala mlangoni kama gunia. Nani aliyewadanganya watu wa msikiti kwamba amesafiri Korogwe, kumbe yuko chumbani hawezi kusimama. Nani anayemfukizia udi asinuke. "Miaka yote nalea mlevi," nikasema, "mlevi wa chupa, mlevi wa pombe ya mnazi, mlevi wa kila kitu, namficha dunia nzima isimwone, leo anayemwamini ni huyu?"

Niliponyamaza ndipo nikasikia kimya cha nje.

Mlango niliuacha wazi. Benchi zima lilikuwa linanitazama. Na mwisho wa benchi, na mjukuu wake mwenye surua mapajani, alikuwa amekaa Mama Sele, ambaye nyumba yake imepakana na msikiti wetu na ambaye habari haijawahi kumfia mkononi.

Kila nilichokificha tangu niolewe, nilikuwa nimekitangaza mwenyewe kwa pumzi moja.

Rahimu alichukua kofia yake mezani. Akapita katikati yetu, akapita mbele ya benchi, akachukua baiskeli yake. Hakunitazama.

Nesi Ruthi alinifuata mpaka barazani, peku. "Mwanangu, una haki ya kukasirika, lakini hili lisikie. Mumeo asiache pombe ghafla. Anapunguza kwa hesabu niliyompa na kuna dawa anatumia. Akikatiza mara moja mwili wake unaweza kumgeuka. Akitetemeka sana, akianza kuona vitu ambavyo wewe huvioni, nipigie, usisubiri."

Nililisikia. Siwezi kuwaambia sikulisikia.

Ila nililisikia kwa masikio ya wivu. Nesi gani anamwambia mlevi asiache? Nikajijibu mwenyewe, ni nesi anayetaka Alhamisi ziendelee. Akiacha leo, Mwatum atakuja kwa kisingizio gani?

"Asante," nikasema. Nikaondoka.

*

Nilimkuta Rahimu nyumbani, amekaa kwenye kizingiti cha ua, kofia mkononi.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Na wewe umenivua mbele ya mwenzangu."

Nilisubiri anitukane, nilikuwa na majibu tayari. Badala yake akasema, "Sirudi tena pale. Siwezi kupita mbele ya lile benchi."

Nitawaambia nilivyojisikia. Nilifurahi.

Nikakaa karibu yake. "Huhitaji kurudi," nikamwambia. "Mimi nitakuachisha. Ulihitaji mtu wa kukuachisha, mimi nipo. Nani anakujua kuliko mimi?"

"Sista kasema niende polepole."

"Sista ana mume kwake?"

Sikujua kama anaye au hana. Nilitaka tu neno la kumnyamazisha, na likamnyamazisha.

"Sawa, Asma," akasema. "Nifanye unavyotaka."

Tukazunguka nyumba pamoja. Alinionyesha mwenyewe. Chupa ilikuwa ndani ya jokofu bovu la mteja lililokaa uani. Nyingine ndani ya ndoo ya vyuma vya kazi, imeviringishwa kwa tambara la mafuta. Nyingine juu ya tangi la maji. Nilizifungua moja moja nikazimwaga kwenye mfereji na yeye amesimama ananitazama. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka.

"Mwaga," alisema nilipofika ya mwisho. "Mwaga, imekwisha."

Jioni ile alilaza kichwa chake mapajani kwangu. Nilimsuguasugua utosi. Nikawaza, jambo lililowashinda wale wanawake wawili kwa miezi, mimi nimelimaliza kabla ya magharibi. Nikamwona Mwatum kwenye kile kiti chake nyuma ya mlango, anasubiri Alhamisi ijayo, anasubiri mpaka nesi anamwambia nenda, mama, hatakuja.

Nilipata usingizi mzuri sana.

*

Asubuhi ya Ijumaa nilimpa chai. Kikombe kilicheza mkononi mwake mpaka chai ikamwagikia shati.

"Baridi," akasema.

Hapakuwa na baridi. Tanga mwezi ule jua linatoka limekwishachemka.

Nilimpa kikombe tena, safari hii nikamshikia. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Moyo wake niliuona unavyopiga kwenye shingo.

"Asma," akasema. "Nipe kidogo tu. Kifuniko kimoja. Nitashuka polepole, kama alivyosema sista."

Laiti angesema nipe kidogo tu, akaishia hapo. Nadhani ningemtafutia. Nisingemwangalia mtu anayetetemeka vile. Lakini aliongeza kama alivyosema sista, na sista kwangu wakati ule alikuwa ni kiti kile nyuma ya mlango.

"Hakuna," nikamwambia. "Leo unakwenda Ijumaa msafi. Mama Sele akuone kwa macho yake."

Hafsa alikuja kuchukua dera lake, akachungulia chumbani. "Hilo ni pepo la pombe linatoka," akaninong'oneza. "Mwache atetemeke. Likitoka ndio basi."

Maneno ya Hafsa yalinipendeza kuliko ya nesi, kwa sababu yalikuwa upande wangu.

Nikampigia pasi kanzu. Adhana ya kwanza ikasikika. Rahimu alisimama katikati ya chumba anajaribu kufunga kifungo cha shingoni, vidole havimtii. Nikamfunga mimi. Nje, wanaume wa mtaa walikuwa wanapita kuelekea msikitini, nilisikia kandambili zao na salamu zao, mpaka njia ikawa kimya.

"Mbona hawa siafu ni wengi namna hii?" Rahimu akaniuliza.

"Siafu gani?"

"Ukutani. Wanashuka. Asma, wanakuja kwenye kanzu."

Nilitazama ukuta. Ulikuwa mweupe. Nilikuwa nimeupaka chokaa mwenyewe kabla ya Ramadhani.

Akaanza kujipangusa kifua. Akajipangusa kwa nguvu, akang'oa kifungo nilichokifunga. Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, macho yakapanda juu, akaanguka chini kama mti. Miguu ikawa inapiga sakafu. Povu likamtoka.

Nilipiga yowe. Hafsa alikuja mbio, akaona, akarudi nyuma mpaka ukutani na mikono mdomoni.

"Ita mwanamme yeyote," nikamwambia.

"Wako msikitini, Asma. Mtaa mzima wako msikitini."

Nilipiga magoti. Mikono yangu haikujua imshike wapi. Simu yake ilikuwa imetoka mfukoni, iko sakafuni, na jambo nililokuwa nimeapa kutolifanya ndilo nililolifanya. Nikatafuta jina. Alikuwa ameliandika "Sista", basi.

Alipokea mara moja. "Rahimu?"

"Ni mimi, mkewe. Ameanguka. Anapiga miguu. Ana povu."

"Tangu jana kanywa?"

"Hakunywa. Nilimwaga zote."

Hakunilaumu. Mpaka leo najiuliza ningefanya nini kama angenilaumu.

"Sogeza kila kitu cha kumgonga," akasema. "Usimshike kwa nguvu. Usimtie kitu mdomoni, kijiko wala kidole. Akitulia mlaze ubavu. Una mwanamme hapo wa kumbeba?"

"Sina."

"Namtuma aliye karibu. Mimi nawakuta hospitali."

Nilifanya kila alichosema. Mume wangu alitulia, akawa anakoroma, uso umekuwa wa kijivu. Nilimlaza ubavu, nikamwita jina, hakuitika. Nikasema Mola wangu, mrudishe, akitaka kwenda kila Alhamisi na aende.

Bajaji ikapiga breki nje. Dereva alikuwa Fanueli, kijana wa Kibondei anayeegesha kona ya soko, ambaye yeye hakuwa na Ijumaa ya kwenda. Na kabla Fanueli hajazima injini, mlango wangu ulifunguliwa na mtu aliyetumwa na nesi.

Alikuwa Mwatum.

Hakunisalimu na mimi sikumsalimu. Alikunja buibui lake kiunoni, akachuchumaa, akampitishia Rahimu mikono chini ya kwapa.

"Shika miguu," akaniambia. "Weye kaka, shika kiuno. Kichwa kisining'inie."

Tulimbeba. Nilishika miguu ya mume wangu huku mwanamke mwingine ameshika kifua chake, tukapita naye mbele ya cherehani yangu, mbele ya nguo za wateja, tukatoka nje juani.

Bajaji ni nyembamba. Mwatum aliingia kwanza, basi kichwa cha Rahimu kikaangukia mapajani kwake. Mimi nilipata miguu.

Mtu anataka kufa, na mimi napima kichwa chake kiko kwa nani. Nawaambia kama ilivyokuwa.

"Unajua kubeba," nikasema tulipofika lami.

"Ilimtokea zamani," akasema. "Aliazimia kuacha siku moja, mwenyewe, kwa hasira, baada ya kugombana na kaka yake. Akaanguka hivi hivi. Nilidhani amekufa mkononi mwangu. Alipopona akarudi kwenye chupa wiki ile ile. Ndipo nilipodai talaka yangu."

"Mimi niliambiwa ulipewa talaka kwa sababu una mdomo."

"Ninao," akasema. "Nilimsema mbele ya mama yake. Mbele ya imamu. Kila mtu alijua mume wangu ananywa, kwa sababu miye nilikataa kudanganya. Hakuweza kuvumilia."

Fanueli alipita katikati ya baiskeli na mikokoteni, honi haikatiki. Nilimfuta Rahimu vumbi kwenye nyayo kwa ncha ya ushungi wangu. Ndicho nilichokuwa nacho cha kufuta.

"Basi kwa nini alikurudia wewe?" nikauliza. "Kama hakuweza kuvumilia."

Mwatum alitazama nje. "Sista alimwambia aje na mtu. Nikamuuliza, mbona humleti mkeo? Akasema, Asma ananificha vizuri mno. Nikimwambia nimekunywa, atanitafutia uongo wa kuwaambia watu kabla sijamaliza kusema. Nikiwa naye sioni haja ya kuacha."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumrushia maneno ya matapishi na viatu na udi, lakini nilikwishayatumia, yote, mbele ya benchi, na sasa kila moja lilikuwa linanigeukia. Nilidhani nilikuwa namtunza. Kumbe nilikuwa namwekea mto.

Na juu ya yote, uchungu mkubwa haukuwa huo. Uchungu ni kwamba alimwambia yeye. Maneno marefu hivyo, ya ndani hivyo, kuhusu mimi, alikuwa nayo kifuani, akayapeleka kwa mwanamke wa kwenye picha.

*

Hospitali kubwa walimpokea kwa kitanda cha magurudumu. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwembamba, amejitambulisha kama Daktari Uweso, macho mekundu kwa kazi. Alimpima Rahimu mapigo, akamwangalia macho kwa tochi, akauliza bila kuinua kichwa.

"Kimetokea nini?"

"Ameanguka tu," nikasema. "Alikuwa anajiandaa kwenda msikitini."

"Ana kifafa?"

"Hana."

"Anakunywa pombe?"

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Nyuma yangu kulikuwa na wagonjwa wengine na ndugu zao, na mmoja wao nilimfahamu, anatoka mtaa wa pili.

"Mara chache," nikasema. "Labda akipata wageni."

Nililisikia neno langu likitoka na nikashangaa. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe kama mtu anavyokwepa jiwe.

Daktari aliinua kichwa. "Dada, sikuulizi kwa ubaya. Dawa ninayotaka kumpa, na kiasi chake, vinategemea jibu lako. Nikikosea naweza kumpoteza. Anakunywa kiasi gani kwa siku?"

Nilimwona Rahimu amelala, kanzu imechanika shingoni, midomo imekauka. Nilimwona yule mtu wa mtaa wa pili ametega sikio.

"Glasi mbili," nikasema.

"Si kweli," akasema Mwatum.

Alikuja akasimama upande wa pili wa kitanda, akazungumza taratibu, kama mtu anayetaja viungo vya pilau.

"Alikuwa anamaliza chupa kubwa ya pombe kali kwa siku, na mnazi alfajiri ili mikono itulie. Zahanati walimshusha mpaka nusu yake, kwa miezi, na wamempa dawa. Mara ya mwisho kunywa ni jana asubuhi, kabla hajaja kwa sista, alituambia mwenyewe. Baada ya hapo amekatizwa ghafla. Na hii ya kuanguka si mara ya kwanza, ilimpata zamani pia, alipoacha hivi hivi."

Hakusema nani aliyemkatiza. Alinitazama mara moja tu, akaendelea.

Daktari alikuwa amekwishageuka. Aliagiza sindano, akaagiza dripu, akamwambia nesi wake aongeze vitamini kwanza kabla ya maji ya sukari. Kila mtu pale alianza kwenda haraka. Niliposogea niwe karibu na kichwa cha mume wangu, nikaambiwa nipishe.

Nilipisha. Niliona sindano ikiingia. Niliona baada ya muda kifua chake kikianza kushuka vizuri, na vidole vyake, vilivyokuwa vinachezacheza hata kwenye usingizi ule, vikitulia kimoja kimoja juu ya shuka.

"Atapona?" nikauliza.

"Mkiwahi hivi, wengi wanapona," daktari akasema. "Atakaa hapa siku kadhaa. Akitoka anarudi kwenye zahanati yake, kwa yule yule aliyemwanzishia tiba. Na nyumbani nahitaji mtu mmoja wa kumsimamia. Mmoja. Ambaye nikimpigia simu nikamuuliza kanywa au hajanywa, ananijibu kweli."

Mlango ukafunguka, nesi Ruthi akaingia, safari hii na viatu, anahema. Alimwona Rahimu anapumua, akashika chuma cha kitanda, akafumba macho kidogo.

Daktari Uweso alikuwa amechukua kalamu. Alimtazama Mwatum.

"Wewe maelezo yako yamenisaidia sana," akasema. "Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

Nilingoja aseme ni mtalaka wake. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, ningemsaidia kama angekwama.

"Mke wake," akasema Mwatum.

Nilingoja acheke. Nilingoja aseme samahani, ulimi umeteleza. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama jana kwenye kile kiti, bila kupepesa, na safari hii niliona kwamba hakuwa na ujeuri machoni. Alikuwa na huruma, na huruma ile ilinitia baridi kuliko kitu chochote nilichokiona tangu asubuhi.

Nikamgeukia nesi Ruthi anisaidie, aseme huyu mama amechanganyikiwa.

Nesi Ruthi hakushtuka. Aliinamisha macho akawa anaitengeneza vizuri shuka ya Rahimu, ambayo ilikuwa imetandikwa vizuri tangu mwanzo. Ndipo nikakumbuka: kwenye bajaji Mwatum aliniambia alidai talaka, hakuniambia aliipata.

Daktari aliandika. Kisha akanigeukia mimi, kalamu bado iko juu ya karatasi.

"Na wewe, dada," akasema, "wewe ni nani kwake?"